Tuliosoma shule za uswahilini: darasani ulikalia nini?

Mtoto wa Keko

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Wiki iliyopita nilikwenda Keko kumnunulia binti yangu kitanda. Fundi akaniomba nisubiri amalizie kupiga vanishi. Nikakaa juu ya rundo la mbao, na ile harufu ya mninga uliotoka kupigwa randa ikanirudisha mwaka 1988, asubuhi baba aliponishika mkono kwenda kuniandikisha darasa la kwanza. Mwalimu hakuuliza cheti cha kuzaliwa. Aliniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, nishike sikio la kushoto. Nililigusa kwa ncha ya kidole, jina langu likaandikwa. Rafiki yangu wa mlango wa pili, tuliyezaliwa mwezi mmoja, mkono wake haukufika. Alirudishwa nyumbani analia, akaanza mwaka uliofuata.

Nimekulia Keko Machungwa. Kwa wasiopajua, upande mmoja una viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, upande mwingine Chang'ombe na ule Uwanja wa Taifa wa zamani tunaouita Uhuru sasa, na gereza la Keko ni jirani yenu. Karandinga likipita tulikuwa tunanyamaza wote mpaka limalize kona. Baba zetu walikuwa watu wa viwandani, bandarini na reli. Waliobaki walikuwa maseremala, na bado ni maseremala.

Hapo ndipo penye jambo linaloniuma hadi leo. Mtaa wetu ulikuwa unatengenezea jiji zima vitanda, makabati na meza. Ukitoka shuleni, hata hujavuka barabara, unakuta viti vimepangwa vinasubiri mteja. Ndani ya darasa letu hapakuwa na dawati hata moja. Tulikaa chini. Saruji ilikuwa imebanduka, mashimo yamejaa mchanga, na tuliandika daftari likiwa pajani. Kaptura ya bluu haikumaliza mwaka bila viraka viwili nyuma. Mwandiko wangu ulikuwa unapanda na kushuka kwa sababu goti halitulii.

Nyumbani hapakuwa na nafasi ya kusomea. Tulikuwa na chumba kimoja, na baba akiwa zamu ya usiku basi mchana amelala, hivyo watoto wote tunafukuzwa nje tusimwamshe. Nikawa naenda kufanyia kazi za shule kwenye karakana ya fundi mmoja jirani. Tulimwita Baba Mdogo, ingawa undugu wetu ulikuwa wa ukuta mmoja tu. Alikuwa ananiachia pembe ya benchi lake la kazi, anapangusa maranda kwa kiganja, ananiambia, "Haya, andika." Siku moja aliniuliza kwa nini naandika nimeinamisha kichwa hivyo. Nikamwambia ndivyo tunavyoandika shule, tunakaa chini. Hakusema neno. Kesho yake jioni nilikuta stuli. Ilikuwa imeungwa kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, miguu minne, na kimo alikipima kwa goti langu.

Nilipoipeleka darasani mwalimu alisema nikikaa nayo mbele nitawaziba wenzangu, niende nyuma kabisa ukutani. Nyuma sikuona ubao. Ubao wenyewe tulikuwa tunaupaka weusi sisi wenyewe kwa unga wa betri za tochi na majani, ukikauka chaki haisomeki vizuri ukiwa mbali. Ukutani pale nilimkuta binti mmoja. Yeye macho yake yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote niliyepata kumjua, na hesabu alikuwa anazimaliza mwalimu akiwa bado anaandika. Tukapatana bila kuandikiana: vipindi viwili nakalia mimi, viwili anakalia yeye, na yeye ananisomea ubao kwa kunong'ona. Tumekaa hivyo kuanzia darasa la tatu. Penseli yangu mama alikuwa ameikata katikati, nusu ya mdogo wangu nusu yangu, na nilipopoteza nusu yangu yule binti aliikata ya kwake tena, tukabaki kila mmoja na kipande cha kushika kwa ncha za vidole.

Tukiwa la sita yakaja madawati kwa michango ya wazazi, dawati la watatu tunabanana watano. Stuli nikamwachia yeye. Mama yake alikuwa anakaanga mihogo nje ya shule, akawa anaikalia.

Mwaka 1994 tulifanya mtihani wa darasa la saba. Majina yalipobandikwa, langu lilikuwepo. La kwake halikuwepo. Nilisoma karatasi ile juu hadi chini mara tatu nikitafuta jina lake, wala si langu. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumpita mtihani hata mmoja. Hata mmoja.

Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza nilipita pale na sare mpya. Alikuwa amekalia ile stuli, anageuza mihogo kwenye karai. Akaniita, akanifungia vipande viwili kwenye gazeti, akatia chachandu. Nilipotoa hela akakunja kiganja changu akasema, "Nenda, utachelewa namba."

Baba alipunguzwa kazi muda mfupi baadaye, tukahama. Sikuwahi kumwona tena.

Naomba mnaokumbuka enzi hizo mtupie hapa. Shule gani si lazima useme. Wewe ulikalia nini?

---

Kidumu

Tofali. Mburahati.

Kila mtu alikuja na lake, na ukilisahau nje wakubwa wanakuibia. Tuliandika herufi za majina yetu kwa msumari.

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi kinachonijia kwanza ni sauti ya ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini na kile chuma cha kuigongea. Ile sauti ilikuwa inasikika mtaa mzima, mama zetu walikuwa wanaipangia chai. Ikigongwa ya kwanza uwe umeshafika na kidumu chako cha maji na fagio la chelewa. Hakuna bomba shuleni, kwa hiyo maji ya kumwagilia maua, ya kudeki na ya chooni yalitoka kwenye vidumu vya watoto. Halafu mchakamchaka, tunazunguka mitaa tunaimba, vumbi linatimka, wazee wanatoka milangoni kutuangalia. Halafu mstarini, ukaguzi. Kucha, meno, nywele, kola ya shati. Mama alikuwa anafua shati langu moja kila jioni na kulianika juu ya jiko la mkaa, kwa hiyo mimi nilinukia moshi miaka saba.

Na begi lilikuwa mfuko wa rambo. Ukichanika masikio unafunga kamba ya katani, safari inaendelea.

---

Jirani wa Magurumbasi

Mtoto wa Keko, tumesoma jirani. Mimi Keko Magurumbasi, nimemaliza mwaka mmoja nyuma yako.

Umeutaja uwanja lakini hujausemea. Kwetu sisi ule uwanja ulikuwa darasa la pili. Siku ya mechi kubwa kipindi cha jioni hakuna anayemsikiliza mwalimu, kelele zinapanda juu ya bati, tunajua goli limefungwa kabla ya redio. Tulikuwa tunasubiri mageti yafunguliwe dakika za mwisho ili tuingie bure tuone japo kidogo. Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Kule ugenini walikuwa wametoka bila kufungana, kila mtu anajua kombe limeshafika. Tukafungwa mbili. Jumatatu mwalimu wetu wa Hisabati aliingia, akaandika tarehe ubaoni, akakaa. Kipindi kizima. Hata watoto wa Yanga hawakuthubutu kucheka, maana walikuwa wameshaona wazee wanalia barabarani.

Kuhusu kukalia: ndoo iliyopinduliwa, ile ya rangi ya mafuta. Ya kwetu ilikuwa na mkunjo pembeni unaokata paja.

---

Dada wa Tandale

Nimesoma hadi nilipofika kwenye mihogo nikaweka simu chini kidogo.

Sisi Tandale tulikuwa na zamu mbili. Walioingia asubuhi wanatoka mchana, sisi ndipo tunaingia na jua lote la utosini, darasa limeshachoka kwa pumzi za watu. Nilikalia kanga ya mama iliyokunjwa mara nne. Faida ya zamu ya mchana ni kwamba asubuhi nzima ni yetu: rede, kombolela, mdako, kuruka kamba. Rede nilikuwa hatari, dada zangu wa Tandale wa wakati ule wanaweza kunitambua kwa hilo tu. Hasara yake ni kwamba asubuhi hiyo hiyo ndiyo ya kutafuta maji. Nilikuwa nafika shule shingo inauma.

Mvua zikinyesha, mto Ng'ombe unajaa, na upande wa pili wanafunzi hawavuki. Mwaka wa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, kulikuwa na siku tulifika watoto tisa darasani. Kisha kikaja kipindupindu, wauza ubuyu na barafu za ukwaju wakafukuzwa wote getini. Mtu asiyeishi uswahilini hawezi kujua ukimya wa mapumziko yasiyo na muuza barafu. Tulikuwa tunasimama tu kwenye kivuli.

Sasa nije kwenye lako, kaka. Mimi ndiye yule binti. Si yule wako, wa kwetu. Jina langu halikubandikwa. Nilikuwa wa pili darasani. Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu naona miaka yote umekuwa ukijiuliza. Siku ile unakwenda mara mbili kuangalia. Mara ya kwanza na wenzako. Mara ya pili peke yako jioni, ukidhani labda kuna karatasi nyingine wamebandika baadaye. Halafu unarudi nyumbani na mama hakuulizi, kwa sababu uso wako umeshamjibu. Januari inapofika ndipo maumivu yenyewe yanapokuja. Wenzako wanapita na sare, na wewe unajua saa ngapi wanaingia namba, saa ngapi wanapumzika, mwili wako bado unafuata kengele.

Nilipika vitumbua miaka kumi na moja. Sikuacha kusoma magazeti niliyofungia vitumbua. Mwaka 2009, nina watoto wawili, nikajiandikisha kwenye masomo ya jioni, nikafanya QT, ule mtihani wa maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne. Leo ninafanya kazi ya ofisi. Lakini nikikutana na watu wa darasa letu waliochaguliwa bado kuna sekunde moja ninayorudi kwenye ule ukuta.

Kuhusu yule binti kukukatalia hela: hakukuhurumia wala hakukuonea wivu. Alikuwa anakusindikiza. Mimi nilimpiga pasi rafiki yangu sare ya kidato cha kwanza kwa mkono wangu, najua ninachosema.

---

Mtoto wa Keko

Dada wa Tandale, asante. Nimesoma maneno yako mara mbili. Sina la kuongeza kwa sasa.

---

Msema Kweli wa Buguruni

Naheshimu kumbukumbu za kila mtu, ila naomba tusiupambe umaskini.

Mimi nilikalia dawati. Shule yetu ilikuwa nayo. Nikaogopa shule kuliko mliokalia tofali. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na tuisheni yake baada ya vipindi, shilingi hamsini kwa siku. Asiyelipa alikuwa anaitwa mbele asubuhi inayofuata na kuulizwa swali lililofundishwa jana jioni kwenye tuisheni. Hujui, unachapwa. Kila siku. Nilikuwa na miaka kumi na moja na mama yangu alikuwa anafua nguo za watu Upanga. Shilingi hamsini ilikuwa chakula. Sikumwambia mama hata siku moja, maana nilijua angeitoa.

Nilikuwa nakwenda gengeni kuokota vyuma chakavu ili nipate hiyo hamsini. Ndiyo, nikapata namba nzuri. Lakini mwanangu akiniuliza utoto wangu shuleni ulikuwaje, simwambii kuhusu ringi ya kengele. Namwambia nilikuwa naamka na tumbo linaniuma kwa hofu.

Wale waliofanya hivyo walijua wanamfanyia mtoto wa nani. Mtoto wa mkubwa asingeguswa.

---

Kidumu

Msema Kweli, pole sana ndugu yangu. Sikuja kupamba. Na mimi nimechapwa kwa mchango wa mlinzi ambao baba hakuwa nao. Nilipewa fimbo sita mbele ya mstari, kwa deni la mtu mzima.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha shule za Temeke zaidi ya miaka thelathini na tano. Nimesita kuandika, lakini Msema Kweli amenilazimisha, na ana haki.

Mwanangu, ulichofanyiwa kilikuwa uonevu. Sitakitafutia jina jingine. Mshahara wetu ulikuwa unakwisha kabla ya katikati ya mwezi, na wengi tuliuza barafu, maandazi, karanga, tukafundisha tuisheni. Hilo ni kweli. Lakini kumchapa mtoto kwa sababu hana hamsini ni jambo ambalo hata sisi tuliokuwa na njaa tulilijua kuwa ni ovu, na tulionyamaza ofisini tuna sehemu yetu. Baadaye, kanuni za mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne, na kwamba mkuu wa shule ndiye atoe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Nimeona shule ambako karatasi hiyo ilifungiwa kabatini.

Niwaeleze tulivyofika hapo, maana wengi mlikuwa watoto. Mwaka 1974 pale Musoma chama kiliamua kila mtoto wa Tanzania asome shule ya msingi haraka iwezekanavyo. UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikaanza 1977, na sheria ya 1978 ikaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Watoto wakaja kwa maelfu. Walimu hawakuwepo. Mimi nilikuwa kijana wa darasa la saba, nikachukuliwa kuwa mwalimu wa UPE: siku kadhaa nasoma ualimu kituoni, siku nyingine nashika chaki. Watu walitucheka kwa jina hilo. Lakini tuliwafundisha kusoma watu ambao wazazi wao walikuwa wanatia dole gumba. Kisha hali ya uchumi ikaharibika miaka ya 80, na vyumba, madawati, vitabu vikabaki vile vile huku watoto wakiongezeka. Nimefundisha darasa ambalo daftari la mahudhurio halikutosha mistari, nikaunganisha karatasi kwa gundi. Kitabu kimoja cha Kiswahili kilizunguka mikono mpaka kikabaki bila jalada, na kurasa za mwanzo wakawa wanazijua kwa kichwa.

Sasa kuhusu karatasi ya ukutani. Mtoto wa Keko na Dada wa Tandale, naomba mnisome vizuri hapa. Tulikuwa tunasema "kuchaguliwa", hatukusema "kufaulu", na tofauti yake ni hii: nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno na zilikwenda kwa mgawo. Mtoto aliweza kupata alama nzuri na akaachwa kwa sababu viti vimejaa. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la saba la watoto wapatao tisini, wakachukuliwa sita. Nilijua kwa majina wengine ishirini waliostahili. Nikakaa na vyeti vyao vya kumaliza elimu ya msingi, nikawa navisaini kimoja kimoja, mkono unakataa. Mambo yalianza kubadilika shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2004 na kuendelea. Na zile nazo watu walizicheka.

Dada, hukushindwa mtihani. Ningekuwa mwalimu wako ningekuja nyumbani kukuambia. Nakuambia sasa.

---

Dada wa Tandale

Shikamoo mwalimu. Nimekusikia. Asante, baba.

---

Changamwe Asilia

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimeufuata uzi huu kimyakimya tangu jana.

Changamwe yetu ilikuwa ya watu wa bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta. Sisi twalikalia fomu, yaani benchi refu la mbao lisilo na mgongo. Wakikaa sita, wa mwisho akiinuka ghafla, wa upande wa pili anaanguka. Tulilijua hilo sote, kwa hiyo hata kujibu swali ilibidi umgonge mwenzio goti kwanza ajishikilie.

Sitosahau maziwa ya Nyayo. Serikali ya Moi ilianza kuyatoa mwaka 1979, pakiti ya pembe tatu, unaikata ncha kwa meno. Siku ya maziwa hakuna aliyekosa shule, hata mwenye homa. Ndugu yangu mdogo alikuwa hajafika umri wa kusoma, basi mimi nilikunywa nusu, nusu nikaifunga ncha kwa uzi nimpelekee. Njiani jua kali, nyumbani yafika yameshaanza kuganda. Alikunywa hivyo hivyo, asema tamu.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokuja 1985 tukaambiwa na ufundi tusome: useremala, kushona, kupika. Nyundo moja, darasa zima. Nasoma habari za fundi wa Keko nikajiambia, laiti tungekuwa na mzee mmoja kama yule mtaani.

---

Kijana wa 2002

Shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mdogo wenu, ila nina la kusema.

Temeke. Nilianza darasa la kwanza 1998. Mwaka 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki, tarehe 14 Oktoba, nilikuwa la pili. Siku za kuaga pale Uwanja wa Taifa dada yangu alinibeba mgongoni, foleni haina mwisho, watu hawasukumani. Sikuelewa kifo. Nilichoelewa ni kwamba mwalimu wetu wa darasa, mama mkali sana, alikuwa mbele yetu kwenye foleni amejifunga kanga, na alimshika mkono mama muuza maandazi wa shuleni kwetu, ambaye siku zote alikuwa anamfukuza asisogelee geti.

Ada ya msingi ilipofutwa, miaka ya 2001 na 2002, shule yetu ilijaa ghafla. Wakaja watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, wakaingia darasa la kwanza na wadogo zao. Mmoja alikuwa jirani yetu aliyekuwa anauza maji kwa mkokoteni. Alikuwa anauegesha mkokoteni chini ya dirisha la darasa, madumu matupu yamefungwa kamba, ili kengele ikilia tu aende kazini. Alikalia mkokoteni wenyewe mara nyingine, akisikiliza kwa dirishani, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kutia mguu.

Mimi nilikalia dawati, wanne. Na mwaka 2016 kampeni ya madawati ilipopita nchi nzima, nilichangia moja. Nilimwomba fundi aliandike namba ya darasa langu kwa chini, pasipoonekana.

---

Msema Kweli wa Buguruni

Mwalimu, shikamoo. Sikutegemea. Katika miaka yangu yote hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kuwa ule ulikuwa uonevu. Nimemwita mke wangu akasoma.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Msalimu mama, kama bado yupo.

---

Msema Kweli wa Buguruni

Yupo, mwalimu. Bado anafua, nimemkataza hasikii. Zitamfikia.

---

Jirani wa Magurumbasi

Mtoto wa Keko, nilikuwa nimenyamaza nafanya hesabu zangu. Nataka kukuuliza kitu kabla sijaandika zaidi.

Ile stuli, kulikuwa na mguu uliowahi kulegea?

---

Mtoto wa Keko

Ndiyo. Wa nyuma kulia. Tukiwa la nne ulitoka, nikampelekea Baba Mdogo, akautia kabari ya mti mweusi kwa sababu mninga ulikuwa umemwishia. Ilikuwa inaonekana, alama nyeusi juu ya mbao nyekundu. Kwa nini?

---

Jirani wa Magurumbasi

Basi nimeikalia.

Mama wa mihogo alikuwa rafiki wa mama yangu, walicheza mchezo wa fedha pamoja. Walihama Keko wakaenda Mbagala, Kizuiani. Mama huyo alifariki mwaka 2011, nilikwenda msibani. Wanaume tulikuwa nje, viti vimekwisha, kijana mmoja akaniletea stuli kutoka jikoni. Niliiona ile alama nyeusi nikadhani ni msumari, nikaipapasa kwa kidole kabla ya kukaa ili nisichane suruali. Ilikuwa laini. Mzee, hiyo kitu haitikisiki hata kidogo.

Binti yake yupo hai na mzima. Aliyekuwa anapokea wageni siku ile ni yeye. Ana karakana ya kushona, wakati huo alikuwa na cherehani tatu na wasichana anaowafundisha, na hesabu za msiba zote alikuwa anazipiga kichwani, watu wanamsomea tu michango. Sikujua kama mlisoma pamoja.

Sitaweka habari zake zaidi hapa, si haki. Nitamuuliza kwanza kama anaridhia. Njoo inboksi.

---

Mtoto wa Keko

Poleni sana kwa msiba wa mama, hata kama nimechelewa miaka yote hii.

Nimekuja inboksi. Akiridhia, Jumapili nakwenda Kizuiani. Mwambie jina langu la darasani, lile la kwenye daftari la mahudhurio, nimekuandikia huko. Na mwambie binti yangu anahitaji sare mbili za kidato cha kwanza.